Panya wa maabara na dawa za uzazi: tumwamini kwa lipi?

Ukisikia dawa ya mitishamba inasifiwa kwamba inaongeza uwezo wa kuzaa na kwamba "wanasayansi wamethibitisha", jua mara nyingi waliothibitisha ni panya. Wanaobeza nao hawakosi jibu: panya si mtu. Naona pande zote mbili zinakimbilia hitimisho.

Panya hakuchaguliwa kwa bahati. Mzunguko wa jike ni siku 4 hadi 5, mimba yake wiki 3 hivi, na baada ya jaribio mtafiti anaweza kumpasua dume na kuipima korodani yenyewe. Hilo huwezi kumwomba binadamu. Isitoshe, ishara mbaya kwa panya mara nyingi hulingana na ya mtu. Sulfasalazini, dawa ya uvimbe wa utumbo, hupunguza mbegu za kiume kwa wanaume na kwa panya, na pande zote hali hurejea dawa ikiachwa.

Tatizo linaanza kwenye uchaguzi wa mnyama. Gosipoli, kemikali iliyomo kwenye mbegu za pamba, ilianza kushukiwa nchini China baada ya wanaume wa vijiji vilivyopikia mafuta ghafi ya mbegu hizo kushindwa kuzaa. Kwenye maabara iliwaathiri hamsta (mnyama mdogo anayefanana na panya) na panya, lakini sungura haikumfanya kitu. Aliyeanza na sungura angeandika kwamba haina madhara. Katika miaka ya 1970 ilijaribiwa kama dawa ya uzazi wa mpango kwa maelfu ya wanaume wa China. Mbegu za kiume zilipungua kweli, ila wengine potasiamu ilishuka mwilini, na wengine uwezo wa kuzaa haukurudi tena. Thalidomaidi, dawa ya usingizi na kichefuchefu waliyopewa wajawazito, ndiyo mfano mkali zaidi: panya huihimili vizuri, sungura hapana, na watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na ulemavu.

Kwa hiyo panya akinyamaza, hajatoa cheti cha usalama. Tena dume wa panya ana akiba kubwa mno ya mbegu. Zinaweza kupungua sana na bado akatia mimba. Ripoti inayosema tu "majike walizaa kama kawaida" hainitoshi, nataka hesabu ya mbegu.

Nataka pia kujua jaribio lilichukua siku ngapi. Mbegu ya panya huchukua zaidi ya siku 50 kukamilika, ya mwanamume takriban 74. Jaribio la siku 14 haliwezi kuona madhara yaliyoanzia kwenye seli changa. Na dozi: miligramu 500 kwa kila kilo ya panya, kwa ukokotoaji wa kawaida wa kugeuza dozi ya panya kuwa ya mtu, unaogawanya kwa 6.2, ni karibu gramu 5.6 kwa mtu wa kilo 70. Hizo ni gramu za dondoo kavu lililokwisha kukamuliwa kwa kemikali, si majani yaliyochemshwa kwenye sufuria. Halafu panya anayeingizwa mrija kooni kila asubuhi huweza kupoteza hamu ya kula, na njaa peke yake hushusha testosteroni. Uzito wake usipoandikwa, huwezi kujua kilichomdhuru ni mmea au ni njaa.

Mimi nikiulizwa nitasema panya anaaminika zaidi akionyesha madhara kuliko akionyesha manufaa. Tazama tafiti nyingi za manufaa zinavyofanywa: panya hupewa kwanza sumu, tuseme kadimiamu, korodani ziharibike, kisha hunyweshwa mmea. Nafuu ikionekana, kilichopimwa ni kinga dhidi ya kadimiamu. Mwanamume ambaye mbegu zake ni chache kwa sababu ya mishipa ya korodani iliyovimba, au homoni zilizoyumba, au mrija ulioziba, hayumo kabisa katika jaribio hilo. Kwenye tangazo la dawa, kadimiamu haitajwi.