Ukiwa Bukavu, chagua usanisi unaozaa fuwele

Wanafunzi wa kemia wakiulizwa wanataka kutengeneza nini kwenye TP (mazoezi ya maabara) ya kemia ogania, majibu ni yale yale: aspirini, au isoamili asetati kwa kuwa inanukia ndizi. Na kwa sababu Pharmakina, kiwanda cha kwinini (dawa ya malaria), iko hapa hapa mjini, hakosekani wa kuitaja. Huyo ajibiwe upesi: kukamua kwinini kutoka magome ya mti si usanisi, yaani kuunda kitu kipya kutokana na kemikali nyingine, na kuiunda kuanzia mwanzo si kazi ya muhula mmoja.

Kwa Bukavu, zao liwe gumu, yaani fuwele, si kimiminika. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari; maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, ethanoli karibu 74 badala ya 78. Isoamili asetati, ambayo vitabuni huchemka kwenye 142, hapa hutoka mapema, na mwanafunzi akadhani ameharibu. Kiwango cha kuyeyuka, kwa kipimo cha labo zetu, hakijali mwinuko. Tena kimiminika kinataka kondensa (bomba la kupozea mvuke), na kondensa inataka maji yatiririke muda wote. Bomba likikauka katikati ya kazi, mvuke wote unawaishia watu puani.

Aspirini ni fuwele, sawa. Lakini anhidridi asetiki inayotumika kuitengeneza inadhibitiwa kimataifa kwa sababu hutumika kutengenezea heroini, hivyo kuiagiza ni safari ya makaratasi. Na aspirini yenyewe huanza kuvunjika inapopashwa moto. Ukipasha polepole inayeyuka mapema, ukiharakisha inachelewa. Kipimo gani hicho?

Dibenzalasetoni, fuwele za manjano zinazotokana na benzaldehidi na asetoni, inashinda zote. Kuiunda hakuhitaji moto, kondensa wala barafu, na umeme ukikatika kijiti cha kioo kinatosha kukorogea. Kwa kundi moja: yeyusha gramu 1 ya sodiamu hidroksidi katika mililita 10 za maji, acha ipoe, ongeza mililita 8 za ethanoli. Halafu benzaldehidi gramu 1.06 na asetoni gramu 0.29. Hapo kwenye asetoni ndipo wengi huanguka: ni mililita 0.37 tu, nayo inaruka hewani ukiitazama. Heri asistenti achanganye chupa moja ya darasa zima, gramu 10.6 za benzaldehidi kwa 2.9 za asetoni, aifunge vizuri, kila kundi lichote mililita 1.4. Mtie nusu yake kwenye ule mchanganyiko wa sodiamu hidroksidi, mkoroge dakika 15, kisha nusu iliyobaki, na dakika 30 nyingine. Joto libaki kati ya 20 na 25, ambalo hali ya hewa ya Bukavu mara nyingi inalitoa bure.

Asetoni ikizidi, molekuli nyingi hushika benzaldehidi upande mmoja tu, na badala ya fuwele za manjano unapata mafuta mafuta. Kwa hiyo msitumie dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Hujui ndani mna nini. Soda kali (sodiamu hidroksidi) ya watengeneza sabuni inafaa ikiwa chembe zake bado kavu. Iliyoloa na kugandamana imeshakula hewa, na uzito wake haukuambii kitu.

Chujeni, msuuze kwa maji mpaka yanayotoka yasigeuze karatasi ya litmasi kuwa bluu. Msiharakishe hapa: soda ikibaki, fuwele hugeuka kahawia wakati wa kuzisafisha kwa ethanoli ya moto (bakuli la maji moto, kamwe si mwako wa wazi). Zao kamili ni gramu 1.17. Kundi likiandika 1.5, halijatengeneza muujiza, halijakausha.

Fuwele safi huyeyuka kwenye 110 hadi 112. Karibu na hapo pandisheni nyuzi moja au mbili kwa dakika. Ila kipimajoto kisirekebishwe kwa maji yanayochemka na kuandikiwa 100. Mtakuwa mmejiongezea kosa la nyuzi tano. Dawa iko kwenye chupa ile ile ya benzaldehidi. Ikiwa ya zamani, mdomoni huota ukoko mweupe, nao ni asidi benzoiki. Benzaldehidi yenyewe isuuzwe kwa maji ya sodiamu kaboneti kabla ya kupimwa. Ukoko ukwanguliwe, uyeyushwe katika maji moto, uachwe ugande upya, ukaushwe: unayeyuka kwenye 122, na hapo ndipo kipimajoto kirekebishwe.