Mkenya akishikwa ugenini: Nairobi inyamaze au ipaze sauti?

Wanaharakati Bob Njagi na Nicholas Oyoo walirudi nyumbani kupitia Busia mapema Novemba 2025, baada ya kutojulikana waliko kwa zaidi ya wiki tano. Walikuwa wametekwa Oktoba 1 nchini Uganda, walikokwenda kujiunga na kampeni za mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine. Muda huo wote wakuu wa usalama wa Uganda walikana kuwazuilia. Kisha Rais Yoweri Museveni akaja kusema kwenye mahojiano, bila hata kupepesa macho, kwamba walikamatwa na kuwekwa "kwenye friji" kwa siku kadhaa.

Serikali ya Kenya iliwapokea na kuuita ushindi wa diplomasia. Wakosoaji wakauliza ni ushindi gani huo, ikiwa jirani anamshika raia wako, anakukana usoni, kisha anajisifu akishamwachilia. Pande zote mbili zina hoja, na kusema kweli hoja ya serikali, kwamba kazi hii hufanywa kimyakimya, ni nzito kuliko inavyopewa sifa mitandaoni.

Balozi hana polisi wala mahakama katika nchi aliyotumwa. Anachoshika mkononi ni Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unaosimamia kazi za kibalozi. Kifungu cha 36 kinamtaka aliyemkamata mgeni amweleze bila kuchelewa kwamba ana haki ya kuwasiliana na ubalozi wake, na kinawaruhusu maafisa wa ubalozi kumtembelea na kumtafutia wakili. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2001, katika kesi ya Ujerumani dhidi ya Marekani, kwamba hiyo ni haki ya mfungwa mwenyewe, si heshima tu ambayo serikali hupeana. Lakini mkataba wenyewe unamtaka ofisa wa ubalozi aheshimu sheria za mwenyeji. Hawezi kuingia gerezani kwa nguvu, wala kumwamuru jaji.

Kwa hiyo kazi nyingi hufanyika kwa barua. Ubalozi huandika kwa lugha ile ile ya miaka yote: unatoa salamu zake kwa wizara ya mwenyeji, una heshima ya kuomba nafasi ya kumwona raia wake, na unachukua fursa hii kuihakikishia wizara heshima yake kuu. Mama aliyekesha akimtafuta mwanawe akiisoma barua hiyo ataona kejeli. Hata hivyo barua ya namna hiyo hufungua mlango mara nyingi kuliko hotuba, kwa sababu inamwachia mwenyeji nafasi ya kurudi nyuma bila kuonekana amerudi. Kiongozi aliyepigiwa kelele hadharani hulazimika kuchagua kati ya mfungwa na heshima yake, na tunajua kipi huenda kwanza.

Wanaodhani kelele hushinda waitazame Kanada. Raia wake wawili walikamatwa China Desemba 2018, siku chache baada ya Kanada kumkamata ofisa mkuu wa Huawei, kampuni ya China, kwa ombi la Marekani. Ottawa ilipaza sauti, ikakusanya washirika, na Februari 2021 ikazindua azimio la kimataifa la kulaani ukamataji wa watu kwa nia ya kushinikiza serikali zao. Wawili hao walitoka Septemba 2021, baada ya siku zaidi ya 1,000, na kilichowatoa ni makubaliano yaliyomrudisha ofisa yule China. Hiyo ni nchi ya G7, kundi la mataifa saba tajiri. Kenya ina sauti gani mbele ya Beijing, au Riyadh?

Tena kelele hupotosha. Machi 2025 mahakama ya Vietnam ilimhukumu kifo mwanamke Mkenya kwa kusafirisha kokeini, na zikasambaa habari kwamba angeuawa katika siku chache. Nchi nzima ikahesabu saa. Ukweli ni kwamba bado alikuwa na nafasi ya kukata rufaa, na wizara ikajikuta inazima uvumi badala ya kutafuta mawakili. Nia ya umma ilikuwa njema, ila presha yote ilielekezwa kwenye tarehe ambayo haikuwapo.

Kesi ya Saudia inafundisha zaidi. Mkenya mwingine alihukumiwa kifo kwa kumuua mfanyakazi mwenzake mwaka 2011, na mwishowe familia ya marehemu ikakubali dia, yaani fidia ya damu, ya riyali milioni 3.5. Hapo hata kama Kenya ingemrudisha balozi wake nyumbani, haingesaidia kitu, maana mwenye uwezo wa kusamehe hakuwa mfalme bali familia iliyofiwa. Jamaa zake walichangisha hadharani, serikali ikaomba kimyakimya siku ya kuuawa iahirishwe, na pesa zikaja kulipwa na Jumuiya ya Waislamu Duniani. Alirudi nyumbani Julai 2025. Kelele na ukimya vilifanya kazi pamoja, kila kimoja mahali pake: kelele ililenga mifuko ya wachangiaji, ukimya ukalenga ikulu.

Kwa hiyo diplomasia ya kimya ina mahali pake, hasa pale sheria ya mwenyeji inapoacha upenyo, uwe rufaa, msamaha au dia. Kasoro yake inaonekana kwa majirani, ambako mara nyingi hakuna kesi yenyewe.

Mkataba wa Vienna unachukulia kwamba mwenyeji atakiri kumshika mtu. Hausemi ubalozi ufanye nini pale polisi, jeshi na wizara wote wanaposema "hatumjui". Ukimya hapo haumlindi mfungwa, unamlinda mtekaji. Kila siku ambayo nchi yake haisemi jina lake kwa sauti ni siku ambayo gharama ya kumdhuru inashuka.

Mei 2025 tuliona sura zote mbili ndani ya siku kumi. Mwanaharakati wa Kenya Boniface Mwangi alikwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya uhaini ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu, akakamatwa pamoja na mwanaharakati wa Uganda, Agather Atuhaire. Baada ya siku kadhaa wizara ya Nairobi ililalamika hadharani kwamba maafisa wake wamenyimwa nafasi ya kumwona, ikitaja Mkataba wa Vienna kwa jina. Wiki hiyo hiyo Mwangi akapatikana upande wa Kenya, ametupwa karibu na mpaka. Wote wawili walisema waliteswa. Siwezi kudai kwamba taarifa ile ndiyo iliyomtoa. Ninachojua ni kwamba haikumfunga zaidi.

Halafu, Mei 28, Rais William Ruto akasimama kwenye maombi ya kitaifa na kuwaomba radhi majirani wa Tanzania na Uganda ikiwa Kenya imewakosea. Watetezi wake walisema ni unyenyekevu wa Kikristo, tena wa kibiashara: Uganda ndiyo soko letu kubwa la nje, na shehena yake ndiyo nyingi kupita zote zinazovuka bandari ya Mombasa kwenda nje. Hoja hiyo si ya kubezwa. Dereva wa lori anayelala siku tatu Malaba kwa sababu marais wamenuniana naye ni raia. Ila radhi huombwa na aliyekosa. Hapa aliyekuwa ametoka kutupwa mpakani ni Mkenya, na aliyeomba radhi ni rais wa Wakenya. Afisa wa usalama wa nchi jirani aliyeitazama hotuba ile alijifunza nini kuhusu bei ya kumteka Mkenya mwingine? Miezi minne baadaye, Njagi na Oyoo wakachukuliwa.

Kuna sababu nyingine ya Nairobi kuzungumza kwa sauti ya chini, na hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Novemba 2024 Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitekwa jijini Nairobi, na siku nne baadaye akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Serikali ilianza kwa kusema haihusiki. Mei 2025, Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi akakiri kwenye televisheni kwamba Kenya ilishirikiana na Uganda, taifa rafiki. Mwezi mmoja kabla ya Besigye kutekwa, wakimbizi wanne wa Kituruki walikuwa wamenyakuliwa Nairobi na kurudishwa Ankara, na wizara ikathibitisha. Nnamdi Kanu, anayepigania Biafra ijitenge na Nigeria, alichukuliwa hapa hapa mwaka 2021 na kuibukia Nigeria. Juni 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zake zilikiukwa na kumpa fidia ya Sh10 milioni.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nchi inayokopesha ardhi yake kwa watekaji wa wengine itamwandikia Kampala barua gani ya kudai utaratibu wa sheria? Balozi wetu angeanza kusoma Kifungu cha 36, mwenyeji wake angemuuliza tu kuhusu Besigye. Ndiyo maana siamini kwamba ukimya wa wiki tano zile ulikuwa mbinu tupu. Sehemu yake ilikuwa deni.

Mtu wa usalama atanijibu kwamba deni hilo ndilo lililowarudisha vijana wale wakiwa hai: Uganda ilipata ilichotaka Nairobi mwaka 2024, kwa hiyo simu ya Nairobi ikapokelewa mwaka 2025. Inawezekana, na singependa kuidharau hoja hiyo mbele ya familia zao. Lakini ukiifuata hadi mwisho inasema kwamba usalama wa Mkenya ugenini unanunuliwa kwa kuuza usalama wa mgeni aliyekimbilia Kenya. Biashara ya namna hiyo haina mwisho, kwa kuwa kila jirani atataka zamu yake.

Misimamo yetu kuhusu vita vya mbali nayo huwa na bili, na mara nyingi anayeletewa si aliyeagiza. Februari 2025 Nairobi iliwaacha wanamgambo wa RSF, wanaopigana na jeshi la Sudan, na washirika wao wakutane na kutia saini mkataba wa kuunda serikali yao sambamba nchini Sudan. Serikali ilisema inatoa jukwaa la amani. Khartoum iliona upendeleo: ikamwita balozi wake nyumbani, kisha Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwamo. Aliyelipa ni mkulima wa majani chai. Na Mkenya yeyote aliyekuwa katika maeneo yanayoshikiliwa na jeshi la Sudan alibaki na ubalozi wenye kadi chache za kucheza kuliko mwezi uliotangulia.

Kuhusu Ukraine, Kenya ilisema wazi. Hotuba ya Balozi Martin Kimani katika Baraza la Usalama, Februari 21, 2022, akikumbusha mipaka ambayo Afrika ilichorewa na wakoloni, ilisifiwa kote duniani. Machi 2 Kenya ikawa kati ya nchi 141 zilizopiga kura ya kuitaka Urusi iondoke. Uganda na Tanzania zilijizuia. Ulikuwa msimamo safi, na bado nauunga mkono. Wakati ule hakuna aliyewaza kwamba baada ya miaka mitatu vijana wa Kenya wangekuwa wanapigana upande wa Urusi. Novemba 2025 Mudavadi alisema huenda wamefika zaidi ya 200, baadhi wakiwa wameahidiwa hadi dola 18,000. Septemba mwaka huo Ukraine ilikuwa imeonyesha video ya mwanariadha Mkenya iliyemkamata vitani, akisema alidanganywa.

Kwa hawa, hoja ya kimya au kelele haitoshi. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, kujiunga na jeshi la kigeni bila idhini ya rais ni kosa, kwa hiyo kijana akirudi anaweza kuwa mwathiriwa wa ulanguzi na mshukiwa kwa wakati mmoja. Aliyeshikwa Ukraine ana unafuu kidogo, kwa kuwa kura ya 2022 inatupa uso wa kuomba Kyiv. Aliye bado kambini upande wa Urusi yuko chini ya serikali ambayo tulipiga kura dhidi yake, na amewekewa mkataba aliousaini, pengine kwa lugha asiyoisoma. Kupaza sauti kuhusu Moscow kutawafurahisha wengi hapa nyumbani, ila aliyeko kambini ndiye atakayesukumwa mstari wa mbele kesho yake. Huku nako ndiko ningekubali wizara izungumze taratibu na Warusi, mradi ipige kelele zote kwa mawakala wa ajira waliowasafirisha kutoka Nairobi. Hao hawahitaji barua ya kidiplomasia. Wanahitaji polisi na hati ya mashtaka.

Kinachokosekana katika kesi hizi zote ni kanuni inayojulikana kabla mtu hajakamatwa. Leo familia inategemea nani anamjua nani pale wizarani, Harambee Avenue, au mwanao ana wafuasi wangapi mtandaoni. Ningependa wizara ilazimike kuiandikia familia ndani ya siku chache, ikisema ni nini imeomba, kwa nani, na imejibiwa nini. Na pale mwenyeji anapokana kumshika mtu ambaye mashahidi walimwona akichukuliwa, muda wa kunyamaza uwe na kikomo, kisha jina litajwe hadharani na Waziri mwenyewe.

Maafisa watasema hilo litaanika mazungumzo nyeti. Lakini Bunge la Kitaifa lina kamati ya ulinzi, ujasusi na mashauri ya kigeni, yenye uwezo wa kuketi faraghani na kusikiliza yasiyofaa kusemwa kwenye vyombo vya habari. Orodha ya Wakenya wanaoshikiliwa nje, nchi kwa nchi, na hatua iliyochukuliwa kwa kila mmoja, ingeweza kufika mbele yake kila baada ya miezi mitatu bila siri ya mtu yeyote kuvuja.