Mililita 3 za dawa, lita 3 za maji

Kila sotoka ya mbuzi na kondoo inapozuka, wafugaji hugawanyika: wachome sindano ya antibayotiki kwanza au wamnyweshe maji kwanza mnyama anayeharisha? Wa sindano wana hoja. Sotoka ni ya virusi, antibayotiki haivigusi, lakini nimonia ya bakteria inayofuata huua na haisubiri mtu. Mwenye kondoo ishirini wagonjwa hawezi kukaa na chupa kwa kila mmoja.

Tatizo ni kwamba hesabu yao humchukulia mgonjwa kama mzima. Chukua kondoo wa kilo 30 aliyeharisha mpaka macho yakazama. Ukibana ngozi ya shingo, inabaki imesimama. Maji aliyopoteza yanakaribia asilimia 10 ya uzito wake, yaani lita 3. Dozi yake ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20, antibayotiki ya sindano, ni mililita 3. Mililita hizo tunazipima kwenye bomba, jicho likiwa limekodolewa. Lita 3 hakuna anayeziulizia. Na lita ndizo zinazoamua mililita zitafanya nini. Mwili ukikauka, damu haifiki vizuri kwenye misuli, na dawa huchelewa kutoka pale ilipochomwa. Figo nazo huchuja kidogo, dawa ikarundikana. Gentamisini, antibayotiki nyingine, ni hatari zaidi: hutoka kwa njia ya figo na yenyewe huziumiza. Ukiongeza fluniksini ya kushusha homa kabla ya maji, figo zinabanwa kotekote.

Wanaosema maji "yanaosha dawa" hawajakosea kabisa. Dripu nyingi huongeza maji mwilini, na dawa kama gentamisini huzimuliwa, ikafika kwa bakteria ikiwa dhaifu. Lakini hebu niambie, ni boma gani kondoo hupewa dripu nyingi kiasi hicho? Kwetu shida ni ukavu.

Tena maji hayazuii sindano. Oksitetrasaiklini na maji ya chumvi na sukari vinaweza kutolewa siku ileile, maji yakitangulia, kidogo kidogo, kwa kondoo anayemeza tu. Asiyemeza yatamwingia mapafuni, huyo ni wa dripu ya daktari wa mifugo. Gentamisini ingoje mpaka akojoe. Na siku za kusubiri kabla ya kuchinja zilizoandikwa kwenye chupa hupimwa kwa kondoo wazima. Aliyekauka mwili, figo zikichuja kidogo, anaweza kubaki na dawa nyamani kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo asipelekwe mnadani siku zile zinapoisha tu.