Kaboni Ngumu ya Nini Hombolo?

Kuna ugonjwa umewaingia vijana wanaojiundia fimbo za kuvulia hapa Dodoma. Kila anayeagiza blanki anataka ile ya kaboni ngumu kupita zote, nyepesi kupita zote, inayopinda nchani tu. Muulize anakwenda kuvua nini, atakwambia perege wa Hombolo. Hapo subira huniishia.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, blanki ni ule ufito mtupu, mrija mrefu unaochongoka, kabla haujafungwa pete za kupitishia mshipi, kishikio na sehemu ya kukazia rili. Pete zikikaa vibaya unakata uzi na kufunga upya. Kishikio kikikuchosha unakitoa. Ufito wenyewe karibu hauna marekebisho, ndiyo maana inauma kuona mtu anauchagua kwa sifa za dukani.

Mimi huanza na chambo. Kwenye bwawa la Hombolo, maji ya tope na samaki wa kawaida, ninarusha kijiko kidogo kinachozunguka au mnyoo wenye kipande cha risasi, uzito wa gramu tano mpaka kumi hivi. Ufito uliotengenezwa kwa gramu ishirini na zaidi hausikii uzito huo. Unaurusha, haupindi, na usipopinda hakuna kinachosukuma chambo. Ongeza na ule upepo wetu wa katikati ya mwaka, chambo kinaangukia miguuni kwako. Basi tafuta kwenye maelezo ya blanki uzito wa chambo kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Mara nyingi wameandika kwa wakia, na wakia moja ni gramu 28: robo wakia ni gramu saba, nusu ni kumi na nne. Nguvu ya mshipi huandikwa kwa ratili. Ratili 10 ni kilo nne na nusu.

Halafu kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku, nguvu na mpindo. Nguvu ni kiasi gani cha mzigo kinahitajika ili ufito upinde. Mpindo ni wapi unapopindia. Wa haraka hupinda theluthi ya juu tu, wa kati hufika karibu nusu, wa polepole huinama mpaka karibu na mkono. Unaweza kuwa na ufito wenye nguvu nyingi na mpindo wa polepole, au laini kabisa na mpindo wa haraka. Anayesema “nataka fimbo ngumu” hajasema kitu bado.

Maoni yangu ni kwamba kwa mabwawa yetu mengi mpindo wa kati unatosha, na kwa wanaotumia mshipi wa kusukwa unafaa zaidi. Nailoni huvutika, kwa hiyo samaki akishtuka ghafla mshipi unampa nafasi kidogo. Mshipi wa kusukwa haunyumbuki karibu hata kidogo. Ukiufunga kwenye ufito mkakamavu, hakuna mahali popote pa kupokea mshtuko isipokuwa mdomo wa samaki, na mdomo huchanika.

Mtera ni habari nyingine, nakubali. Lile bwawa la Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, limejaa visiki vya miti iliyozama. Kambale mkubwa akikushinda kwa dakika moja tu amekwishazunguka kisiki na mshipi umebaki huko. Pale unahitaji uti wa kumgeuza. Na yule samaki wa meno marefu wa jamii ya Hydrocynus ana mdomo wa mfupa. Ndoana haizami bila kusukumwa kwa nguvu. Kwa huyo kaboni ngumu ina kazi. (Huko usisimame ukingoni kizembe, mamba na viboko wapo.)

Sasa hiyo kaboni yenyewe. Nyuzi za kaboni za kawaida zina ukakamavu wa takriban mara tatu ya fibaglasi, yaani nyuzi za kioo, na ni nyepesi kuliko kioo hicho. Kwa hiyo mtengenezaji anaweza kutumia kidogo na kupata fimbo nyepesi inayorudi wima upesi. Lakini angalia anachofanya: anapunguza ukuta wa mrija na kuongeza kipenyo. Ukiongeza kipenyo mara mbili huku ukuta ukibaki na unene uleule, ukakamavu unapanda mara nane. Hesabu nzuri sana kwenye karatasi. Ukuta mwembamba, hata hivyo, hauvumilii kugongwa. Mkwaruzo mdogo wa jiwe leo, kesho ufito unakatika ukiwa na samaki, na wewe unalaumu kiwanda.

Na fimbo zetu zinagongwa. Zinasafiri juu ya bodaboda na kwenye buti la basi, chini ya magunia ya alizeti. Fibaglasi, au ufito wa mchanganyiko wa kioo na kaboni, utavumilia maisha hayo. Ni mzito zaidi, sikatai, na ukirusha kutwa nzima mkono utajua. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitangazi: kaboni hupitisha umeme. Wingu la radi likijikusanya masika, ilaze chini uondoke, na usiipitishe karibu na nyaya za umeme.

Kwa sababu hiyohiyo ya safari, nachukua vipande viwili. Wapo wanaoapa kwamba kiungo kinaua hisia za fimbo. Kwa viungo vya siku hizi sioni tofauti inayostahili kubishania. Futi saba katika vipande viwili ni zaidi kidogo ya mita moja kila kimoja. Kinaingia kwenye bomba la PVC, bomba linafungwa mgongoni, safari inaendelea.

Tatizo kubwa ni kwamba huku hatushiki blanki kabla ya kulipa. Tunaagiza kwa picha. Ikifika, ipime. Mmarekani William Hanneman alibuni njia ya kupima fimbo kwa senti za kwao: unaikaza ikiwa imelala, unaning'iniza mfuko nchani, unaongeza senti mpaka ncha ishuke theluthi ya urefu wa fimbo. Mimi natumia maji, maana mililita moja ni gramu moja. Kaza shina mezani kwa mpira wa kufungia mizigo, bandika chupa nyepesi nchani kwa utepe, ongeza maji kwa bomba la sindano. Ufito wa sentimita 213 unatakiwa kushuka 71. Fanya hivyohivyo kwa fimbo ya rafiki unayoipenda, kwa chupa ileile, ulinganishe maji. Tazama pia ncha imeinama kwa pembe gani: kadiri inavyoelekea chini zaidi, ndivyo mpindo ulivyo wa haraka.

Ikionekana laini kuliko ulivyotaka, kata sentimita chache za ncha kabla ya kufunga pete yoyote, itakaza kidogo. Ikizidi ugumu hakuna dawa. Muuzie anayekwenda Mtera.