Menyu Kurasa Nane, Boflo la Katlesi Hamna

Jamani, siku hizi ukiingia mgahawani hapa Tanga unawekewa menyu nene kama daftari la madeni la dukani. Kurasa 8, kila ukurasa umevishwa plastiki. Kuna baga ya kuku, baga ya ng'ombe, baga iliyopanda juu ya baga mwenzake. Kuna piza, kuna shawama, kuna chipsi za aina 6 na zote ni chipsi. Unafunua mpaka mwisho, unarudi mwanzo, unaipindua chini juu. Boflo la katlesi, ile sandwichi yetu ya mkate wenye ganda, hamna. Ukiuliza, kijana anakujibu kwa adabu zake zote za Kitanga: "Shikamoo babu. Katlesi hatuna, lakini baga ipo, si mamoja tu?"

Marahaba mwanangu. Si mamoja.

Baga ni nyama iliyobanwa. Katlesi ni kiazi, na kiazi kina masharti yake. Chukua kilo 1 ya viazi vya Lushoto, vilivyokomaa, uvichemshe na maganda yake. Hapo ndipo wapishi wa haraka wanapoharibu: wanamenya kwanza, wanakatakata, ndipo wanachemsha. Kiazi kilichokatwa kinakunywa maji, na maji yale hayasahau njia ya kutokea. Yatatokea ndani ya mafuta ya moto, katlesi ipasuke tumbo na wewe urukiwe mkononi. Menya vingali moto, vitandaze kwenye sinia dakika 10 mvuke uende zake, kisha ponda bila kuacha bonge.

Nyama ya kusaga nusu kilo. Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, chumvi, ndimu 1. Maji usitie hata tone, nyama inayo yake. Koroga mpaka sauti ya sufuria ibadilike, iache kububujika ianze kuchachatika; hapo imekauka. Epua, ndipo utie kitunguu kilichokatwa vidogo na kotmiri. Halafu subiri ipoe. Najua una njaa, subiri. Nyama ya moto ikiingia kwenye kiazi inatoa mvuke, na tumeshasema habari za maji.

Kuna wanaofunga nyama katikati ya kiazi kama sambusa. Kwenye sahani sawa, inapendeza. Kwenye boflo ni balaa: unauma upande huu, nyama inatokea upande wa pili na kutua kwenye kanzu. Ya boflo huchanganywa, ikafinyangwa bapa, unene wa kidole gumba. Vipimo hivyo vinatoa katlesi 15 hivi, ukiwa hujaonja sana.

Sasa yai. Piga mayai 3 na chumvi kidogo, chovya katlesi moja moja, tia kwenye mafuta yenye kina cha vidole 2. Kwanza dondosha tone la yai: likizama na kuibuka papo hapo limevimba, mafuta tayari. Likikaa chini linajifikiria, ngoja, maana kwenye mafuta baridi koti la yai linavuka na katlesi inakunywa mafuta kama taa ya chemli. Usijaze kikaango, 4 zinatosha, zikizidi zinapoza mafuta. Na usiguse mpaka upande wa chini ushike rangi. Ukifanya hivyo utaziona zile ndevu za yai pembeni, nyembamba, za kahawia, zimesukwa kama ukili. Siku hizi ndevu hamna. Katlesi inagaragazwa kwenye chenga za mkate, inatoka ngumu kama imepigwa plasta, na chatini ikimwagwa juu inateleza tu.

Eti jina la sandwichi limetoka kwa bwana mkubwa mmoja wa Uingereza wa karne ya 18, John Montagu, aliyekuwa na cheo cha huo mji wa Sandwich. Inasemekana alikuwa kwenye kamari na hakutaka kuinuka, akaagiza nyama iwekwe katikati ya mkate. Basi hata mcheza kamari aliletewa mkate unaoshikika! Sisi tusiocheza tunapewa godoro.

Maana mkate wenyewe nao umekufa. Boflo lina ganda. Unalibonyeza linalia, ndani lina matundu. Hivi vimkate vya baga vimejaa sukari na mafuta, vinakaa laini siku nyingi kwenye mfuko, nasi tunadhani ulaini ndio upya. Kikiguswa na chatini kinageuka uji. Boflo unalipasua ubavuni, unaacha bawaba upande mmoja. Siagi inapakwa mpaka ukingoni, pande zote mbili, na hiyo si anasa: mafuta ndiyo yanayozuia maji yasizame kwenye mkate. Anayepaka katikati tu, kama anayeweka muhuri, asishangae kingo zikilowa.

Chatini: nusu ya nazi iliyokunwa, pilipili mbichi 2, punje 2 za kitunguu saumu, kotmiri ya kujaa kiganja, ndimu 1, chumvi. Maji vijiko 2 basi, isagike iwe nzito, ikae kwenye kijiko hata ukikiinamisha. Hapa nawaelewa wenye migahawa, nasema kweli. Nazi kwa joto letu hili haina subira. Iliyosagwa asubuhi, jioni imeshachacha. Ile chupa ya maji mekundu yanayoitwa tomato inakaa mezani mwezi mzima, haichachi, haivundi, nzi wenyewe wanaipita. Nyanya ilipita humo kwa mbali, ikapunga mkono. Na baga inatoka kwenye friza ikiwa jiwe, dakika chache iko mezani, wakati katlesi inataka mtu aamke kabla ya jua kuchemsha viazi. Hesabu naiona. Ila basi msiniambie watu wameacha kuipenda.

Na haikuondoka peke yake. Tosti ya chuma iko wapi, ile ya kubanwa na visahani viwili vyenye mikono mirefu juu ya mkaa? Ile ilitaka mkate wa jana, uliokaukia kidogo. Wa leo unagandamana na chuma. Siagi nje, si ndani, dakika 2 kila upande, na kingo zinazochomoza unakata kabla hazijaungua. Slesi za mayai nazo ukizipata leo, kiini kina pete ya kijivu kama jicho la mgonjwa, kwa sababu yai limesahauliwa jikoni. Dakika 9 tangu maji yachemke, kisha kwenye maji baridi, pete haiji. Sardini ya kopo na ndimu na kitunguu? Hiyo hata usiulize, utaambiwa uende supamaketi.

Kwa hiyo mwanangu, siku mkilirudisha, tusikilizane. Katlesi 2 ndani ya boflo moja, zibonyezwe kidogo kwa kiganja zisiteleze. Chatini juu na chini. Kabichi ikatwe nyembamba, ilale na chumvi dakika 10, ikamuliwe kwa nguvu kabla haijaingia. Nyanya mbichi isikaribie. Funga kwa karatasi ya kaki, si ile ya rangi ya fedha. Ya fedha inafungia mvuke na ganda linalegea kabla mtu hajavuka Barabara ya 4. Chai iwe ya maziwa, iwe ya moto.

Na uma huo rudisha jikoni.