Nasser Road Inajua Majalada Kuliko Bendi Zetu

Pitia albamu za bendi huru za Kampala kwenye simu yako, zile bendi zisizo na lebo wala meneja mwenye gari kubwa, na utakutana na picha ileile ikijirudia. Kijana ametupa mgongo, anatazama ziwa, jua linazama, rangi zimefifishwa, na jina la bendi limeandikwa pembeni kwa herufi nyembamba zinazoomba msamaha. Ndani mna nini? Huenda ni gitaa na sauti ya upole. Huenda ni rege. Huenda ni embaire, ile marimba kubwa ya Busoga, iliyochanganywa na ngoma za kompyuta. Jalada halikwambii chochote, na mimi nasema hiyo ni kasoro kubwa. Wapo watakaonijibu kwamba muziki mzuri haumtegemei mchoraji. Hao hawakuwahi kuuza kaseti, wala kusimama Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala.

Enzi za kaseti, msikilizaji wa mji huu alisoma jalada upesi kama anavyosoma kibao cha taksi pale Old Taxi Park. Mzee wa koti na tai, amekaa kitini na gitaa kavu mapajani: hiyo ni kadongo kamu, muziki wa Kiganda wa gitaa na hadithi, jiandae kwa kisa kirefu cha ndoa, shamba na mke wa pili. Kundi zima limevaa sare, saksafoni mbele: bendi ya dansi. Mawingu, miale ya jua na mikono iliyoinuliwa: injili. Miwani myeusi, mnyororo na ndimi za moto: dancehall. Hakuna aliyekaa darasani kufundishwa alama hizi. Wapiga picha, wachapaji na wauza kaseti walizijenga pole pole kwa sababu mteja aliyesimama kwenye kibanda cha kelele alitaka kujua anachonunua kabla hajatoa shilingi.

Nafasi yenyewe ilikuwa finyu. Uso wa kasha la kaseti ni sentimita kumi kwa sita na nusu hivi, wakati jalada la santuri lina inchi 12 kila upande. Leo maduka ya muziki ya mtandaoni yanapenda kupewa mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, halafu msikilizaji anauona ukiwa na ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Zile herufi nyembamba za pembeni hazionekani kabisa. Bendi imelipa mtu aandike jina lao mahali ambapo hakuna atakayelisoma.

Najua ugonjwa huu umetoka wapi. Mwaka 1940 kampuni ya Columbia huko Marekani ilikubali pendekezo la kijana wake Alex Steinweiss la kuchora majalada ya santuri, ambazo hadi wakati huo zilikuwa zikiuzwa zaidi katika makasha ya rangi tupu, na mauzo yakapanda. Kuanzia hapo jalada likawa sehemu ya biashara. Ilipofika 1979, Joy Division, bendi ya Uingereza, walitoa albamu yao ya kwanza ikiwa na uso mweusi, mistari myeupe ya mawimbi katikati, basi. Hakuna jina la bendi mbele, wala jina la albamu. Mistari hiyo ni mchoro wa mawimbi ya redio kutoka nyota iitwayo CP 1919, wanamuziki wenyewe waliupata katika ensaiklopidia ya elimu ya nyota, na mbunifu Peter Saville akaugeuza rangi: mchoro ulikuwa mweusi juu ya nyeupe, yeye akaufanya mweupe juu ya nyeusi.

Fulana zenye mistari ile zinapatikana kwenye mitumba ya soko la Owino, zimevaliwa na watu wasiojua kama hiyo ni bendi. Na bendi zetu zikaiga nusu ya somo, yaani kujificha. Wakasahau kwamba Saville hakuficha kitu. Muziki wa wale vijana ni baridi, mweusi, umepangwa kama mashine, na ndivyo jalada lilivyo. Ukilitazama umeshaanza kuusikia.

Lagos ilikwenda upande wa pili kabisa. Lemi Ghariokwu, aliyeanza kumchorea mwanamuziki Fela Kuti mwaka 1974 akiwa bado kijana mdogo, alijaza kila kona: umati, askari, magari, maandishi, kejeli. Alimchorea majalada 26. Nyimbo za Fela zinakwenda dakika kumi, kumi na tano, zimejaa watu na ugomvi, kwa hiyo hata jalada lake linakuchukua muda kulimaliza. Saville na Ghariokwu hawafanani kwa lolote isipokuwa hili moja, kwamba wote wawili walisikiliza kwanza.

Sasa turudi mjini kwetu. Niliwasindikiza vijana wa bendi moja ninayoifahamu hadi Nasser Road kuchapisha bango la onyesho. Barabara ile kila mtu anaijua: kadi za harusi, risiti, kalenda, na yale mabango maarufu ya siasa ambapo Gaddafi amesimama mbele ya ndege za kivita kana kwamba ni filamu ya mapigano. Kijana wa kompyuta alikuwa ndani ya chumba chembamba, feni inapiga kelele, mashine za kukata karatasi zinagonga ukutani upande wa pili. Kabla ya bei, kabla hata ya kuuliza tarehe ya onyesho, akauliza, "Bosi, mnapiga muziki gani?"

Walitazamana. Mpiga besi akasema afro-fusion. Mwimbaji akasema soul. Mpiga ngoma akasema ni muziki tu. Yule kijana hakubishana nao. Aliomba asikilize kwenye simu, akaiweka sikioni kwa sababu ya kelele, na wimbo haujafika nusu akaanza kukata vichwa vyao kwenye picha, akavipanga kwa ukubwa, mwimbaji katikati, mpiga ngoma nyuma kidogo. Akatia kivuli chini ya herufi. Akafuta anga la buluu aliloliweka kwanza, akaweka wekundu wa jioni wenye moshi, akasema ngoma zao ni za usiku. Kwa kweli ni za usiku. Katika albamu yao, iliyotengenezwa na mbunifu wa bei kubwa kuliko huyu, kuna picha ya majani ya mgomba asubuhi.

Rafiki yangu aliyesomea sanaa Makerere ananiambia napenda ushamba. Anasema rangi ya dhahabu inayong'aa kwenye herufi, vivuli vizito, vichwa vilivyokatwa vikaelea hewani, hayo yote ni ya mikutano ya injili na ya wagombea udiwani. Sikatai. Tena kuna hatari nyingine ambayo yeye haisemi: bendi ya vijana wa Ntinda, kitongoji cha Kampala, ikijivika sura ya Nasser Road ili watalii wacheke, hilo ni vazi la kukodi, halina tofauti na yule kijana anayetazama ziwa. Mimi sidai kila jalada liwe na moto na ndege. Ninachodai ni lile swali la kwanza, liulizwe na lijibiwe, hata kama wanachama watagombana kidogo ndani ya taksi wakati wa kurudi.

Kisingizio cha kuchanganya mitindo nakisikia sana, eti sisi hatuna aina moja, jalada litasemaje? Nihiloxica, bendi iliyozaliwa hapa Kampala, inagonganisha ngoma za Buganda na sinthesaiza, kwa uzito unaokaribia metali, ile roki nzito ya magitaa. Albamu yao ya 2020 waliiita Kaloli, yaani korongo marabu kwa Kiganda. Mtu yeyote aliyewahi kuwaona ndege wale wenye upara wakitembea juu ya takataka anajua kabla ya kubonyeza kwamba hakuna wimbo wa mapenzi humo. Mchanganyiko haukuwazuia kuwa na sura. Duma wa Nairobi, waliotolewa mwaka huohuo na Nyege Nyege Tapes, lebo ya hapa kwetu, wanatoka katika ukoo wa metali, ambako kuna desturi ya kuandika jina la bendi kwa herufi zenye miiba zisizosomeka kabisa. Na hiyo nayo ni taarifa: ukishindwa kusoma jina, umeshajua ni metali. Kumbe hata kutosomeka kunaweza kuwa na maana, mradi iwe ni kwa makusudi.

Kuna jambo moja ambalo Nasser Road italazimika kuacha. Mabango yetu hayakamiliki bila namba ya simu ya kumwita msanii kwenye sherehe, chini kabisa, kwa rangi ya njano. Apple Music na wenzao hawataki namba za simu wala anwani za tovuti kwenye jalada, na picha yenye vitu hivyo hurudishwa. Nimewaona watu wakikasirika kwa hilo, na ninawaelewa, maana hapa harusi za Jumamosi ndizo zinazolipa kodi ya chumba cha mazoezi. Namba ibaki kwenye bango.

Ila kuna namba nyingine ninayoitetea. Vijana wa Nasser Road huandika simu yao wenyewe kwenye kona ya kazi yao, kwa herufi ndogo sana, kwa sababu hakuna mwingine atakayewataja. Ghariokwu tunamjua kwa jina miaka hamsini baadaye kwa kuwa jina lake lilikuwa juu ya kazi. Bendi zetu hutaja mpiga besi, fundi sauti, studio, shangazi aliyewakopesha pesa, halafu aliyetengeneza uso wao anaachwa. Kijana wa chumba chenye feni alilipwa pesa ya bango moja, na kwa masikio yangu yeye ndiye aliyeisikia albamu ile vizuri kuliko wote waliolipwa kuishughulikia. Albamu ya pili inakuja. Nimewaambia wampelekee nyimbo sasa, kabla hawajapiga picha yoyote ziwani.