620 na mafuta ya kupima

Jioni moja dukani kwa Mangi nilimkuta dada mmoja akigeuza chupa ya mafuta ya kula, kidole kikifuata tarakimu za barkodi. "Sita, mbili, sifuri. Hii ya kwetu." Akalipa, akaondoka ameridhika. Kanuni hiyo imezunguka mno kwenye makundi ya WhatsApp: 620 Tanzania, 616 Kenya, 690 China.

Tarakimu hizo hazisemi bidhaa imetengenezwa wapi. Zinaonyesha tawi la GS1, shirika la kimataifa linalotoa namba za barkodi, ambako mwenye bidhaa amesajili namba yake, basi. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam akiagiza tambi Uturuki zikafungwa kwa jina lake, zinaweza kuja na 620 bila kosa lolote. Na kabla GS1 Tanzania haijaanza kazi, wazalishaji wetu walikuwa wakichukua namba Kenya na Afrika Kusini, kwa hiyo bidhaa ya hapa hapa ilisomeka ya ugenini. Hata hivyo simcheki yule dada. Aliyesajili hapa walau ana anwani hapa, na mambo yakiharibika anatafutika.

Maandishi ya "Imetengenezwa Tanzania" yanakaribia ukweli zaidi, lakini nayo yana uchochoro. Kanuni za Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, zinasema chakula kikisindikwa katika nchi ya pili hadi hali yake ya awali ikabadilika, nchi hiyo ya pili ndiyo itakayoandikwa kwenye lebo. Mawese ghafi ya Malaysia au Indonesia yanashushwa bandarini Dar es Salaam, yanasafishwa, yanajazwa chupani na kuwa Mtanzania. Ngano ya Urusi inayosagwa hapa ina hadithi hiyo hiyo.

Ni udanganyifu? Mimi sioni. Kiwanda kimeajiri watu, umeme umelipiwa, na serikali yenyewe ilikusudia hivyo: bajeti ya 2018/19 ilitoza mafuta ghafi ushuru wa asilimia 25 na yaliyosafishwa asilimia 35, ili kazi ya kusafisha ifanyike nchini. Ila mkulima wa alizeti wa Singida haambulii kitu katika chupa ile. Anayesema "nanunua cha kwetu" akiwa anamfikiria mkulima, na anayesema hivyo akifikiria kiwanda, wanaweza kuondoka na chupa mbili tofauti, na lebo haitamsaidia yeyote kati yao mpaka asome yale maandishi madogo ya viambato. Wakenya wamerahisishiwa kidogo: KEBS, shirika lao la viwango, ina alama yake kwa bidhaa za ndani na kibandiko tofauti, ISM, kwa zinazoingizwa. Kibandiko nacho hughushiwa, lakini angalau swali limejibiwa usoni pa paketi.

Wapo wanaochagua cha nje kwa makusudi, na si wote wenye kasumba. Mwaka juzi nilinunua siagi ya karanga kwenye maonyesho ya Nanenane, kopo safi, lebo ya kuprinti yenye picha ya karanga na namba ya simu. Tarehe ya kutengenezwa haikuwepo, ya kuisha haikuwepo. Nilipofungua ilikuwa imechacha. Baada ya hapo nikarudi kwenye ya nje yenye tarehe zake, na sikujiona msaliti. Mjasiriamali mdogo ana njia: barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, humfikisha TBS, shirika letu la viwango, na kuanza safari ya alama ya ubora bila gharama. Tatizo ni wale wasioanza safari hiyo. Lakini cha nje nacho kina aibu zake. Makopo mangapi yamejaa rafuni kwa Kiarabu au Kichina kitupu, mnunuzi akisoma picha?

Na mjadala huu wote unamhusu mwenye uwezo wa kununua chupa nzima. Wengi wananunua mafuta ya kupima, ya shilingi mia tano, kutoka dumu lisilo na lebo wala 620. "Alizeti hiyo, mama, tena ya Singida," muuzaji anaapa. Hapo kilichobaki ni rangi, harufu na hali ya hewa. Njombe, baridi ya Juni ikikaza, kina mama huacha chupa dirishani usiku kucha. Alizeti huamka ikimiminika. Ikikutwa imeganda nyeupe kama uji uliopoa, hayo ni mawese, na chupa inarudishwa dukani asubuhi hiyo hiyo, na muuzaji hana la kuapia.